Wakwe Zangu Wamarekani Wamenipa Maisha ya Mwenzangu

Dada wa ukurasa, jina langu baki nalo wewe, maana Waswahili wa Birmingham tunajuana mpaka rangi za makoti. Nina miaka thelathini na moja, ni muuguzi, naishi Bordesley Green. Kwetu ni Morogoro. Huku nilikuja kwa ndege, kusoma, nikiwa na sanduku la nguo na kilo mbili za dagaa. Vita mimi nimeisikia redioni tu.

Nina mchumba Mmarekani, nimwite Daudi, yuko hapa anamalizia shahada ya pili. Kwao siasa ni kazi ya ukoo. Babu yake alikuwa seneta, baba yake meya, shangazi yake ndiye anayeendesha kampeni za wote, na sasa kaka yake anagombea, uchaguzi mwezi wa kumi na moja. Daudi husema siasa zilimchosha tangu utotoni. Jamani, nilimpenda kwa hilo. Ni mpole, na ugali wangu anakula na kuongeza.

Cha kwanza kunitia wasiwasi kilikuwa tarehe. Mimi nilitaka harusi Desemba, ndipo nina likizo. Shangazi akasema kule Marekani, Septemba, na si vinginevyo. Nikafungua albamu ya familia aliyonayo Daudi. Babu alioa Septemba. Baba Oktoba. Kaka Septemba. Wote miaka ya uchaguzi! Nikamuuliza, "Kwenu watu hupendana kwa ratiba ya tume ya uchaguzi?" Akacheka sana. Mimi sikucheka.

Kisha wakaomba picha. Nikatuma niliyopiga kazini, nimevaa sare yangu, nimependeza kweli. Shangazi akajibu kwamba wangependelea kitu "cha nyumbani zaidi," ikiwezekana na kitambaa kichwani. Nikajisemea labda ndiyo mila zao. Nikafunga kitenge nilichonunua Alum Rock, nikatuma.

Wiki iliyopita posta ikaleta bahasha nene kutoka kwa shangazi: kadi za harusi, ratiba ya siku yenyewe, na karatasi ya kampeni yenye sura yangu. Eti mke mtarajiwa wa mdogo wake mgombea aliikimbia vita. Eti alivuka mto amembeba mdogo wake mgongoni, na alipofika ng'ambo akamkuta ameshakufa. Mto umetajwa kwa jina. Nilikaa kwenye ngazi, nikaisoma tena.

Hadithi ile naijua. Ni ya Mama Furaha, Mkongomani anayekaa Castle Vale, aliyenipokea kama binti yake tangu mwaka wangu wa kwanza huku. Na aliyekufa mgongoni hakuwa mdogo wake. Alikuwa mwanawe, Baraka. Nadhani walimgeuza kwa sababu bibi harusi wao hafai kuwa na mtoto.

Daudi aliisikia mezani kwa Mama Furaha, tukila sombe, yaani kisamvu cha kwao. Mama alisimulia kwa Kiswahili, mimi nikatafsiri. Mkalimani husema vile vile alivyoambiwa, kwa hiyo nilisema, "Nilivuka, nikamshusha, nikamwita." Daudi alilia siku ile. Lakini pia aliuliza mara mbili mto ule unaitwaje. Sasa najiuliza alikuwa analia, au alikuwa anakariri?

Nilipompelekea ile karatasi hakushtuka. "Nimeisikia kwa mdomo wako," akasema. Nikamwambia asinifanye mjinga. Ndipo akatoa la moyoni. "Ni karatasi tu, mpenzi. Kwetu wamefanya hivi tangu babu. Mama yangu alipoolewa walimtangaza kuwa binti wa mkulima. Baba yake alikuwa daktari wa meno."

"Na mama yako alisema nini?"

"Mpaka leo anaoka pai kwenye maonyesho ya wakulima. Watu wanampenda."

Kesho yake huyo mama akanipigia mwenyewe, sauti tamu kama asali. Nilitegemea ataniomba radhi. Akasema, "Mwaka wa kwanza ndio mgumu, mwanangu." Kisha akaniuliza saizi ya viatu vyangu.

Sasa shida yenyewe ni hii. Mama yangu mzazi ni mgonjwa, hawezi kusafiri. Mama Furaha ndiye atakayesimama badala yake, tiketi yake na ya binti yake zimeshakatwa. Na kwenye ile ratiba imeandikwa kwamba babu seneta atasoma maisha ya bibi harusi kanisani, mbele ya waandishi wa habari. Mama Furaha atakuwa benchi la kwanza, na Furaha, anayejua Kiingereza kuliko sisi sote, atakuwa pembeni yake akimnong'oneza neno kwa neno.

Nimemwambia Daudi waifute. Anasema zimeshachapishwa, nikikana kaka yake ataanguka, na ukoo mzima hautanisamehe. Anasema ananipenda. Huenda ni kweli, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Jana nilikwenda Castle Vale nikiwa nimeamua kusema. Mama Furaha alikuwa ananishonea gauni, pini mdomoni. Akazitoa, akasema, "Ule bwana yako anasikilizaka muzuri. Hata watu ya ofisi, wakati niliomba makaratasi, hawakunisikiliza vile. Tukifika kwao nitamuonyesha picha ya Baraka. Niko nayo moja tu."

Furaha akamwambia kutoka jikoni, "Mum, don't cry on the dress."

Nikageuka anipime mgongo. Ninyi mlio nje ya jambo hili, nisaidieni: nifanyeje? Nikimwambia, namuua mara ya pili kwa mikono yangu. Nikinyamaza, mwanawe atasomwa kanisani kama mdogo wangu, na mimi nitaitikia "nakubali."