Kulia Juu ya Kushoto

Nilimwambia Bi Fusae akae nyumbani. Siku tisa tu zilikuwa zimepita tangu mazishi ya mumewe, Mzee Heiji.

"Nikae nyumbani nifanye nini, nitazame kiti chake?" akanijibu, akajifunga aproni.

Ana miaka sabini na moja, na arobaini kati ya hiyo ameitumia kuwavika watu kimono, vazi letu refu la kupishanisha kifuani, katika duka letu la kuyakodisha hapa Asakusa, Tokyo. Mimi kazi yangu ni kutoa viatu na kupiga domo.

Saa tatu asubuhi aliingia Wulan, mwanafunzi kutoka Indonesia anayesomea Kijapani. Alikuwa na siku moja tu ya kuitembea Tokyo kabla ya kuungana na wenzake Kyoto: hekalu, chai, ngoma, yote ameyaandika kwenye karatasi aliyotuonyesha. Bi Fusae akamvika kimyakimya, nami nikampa viatu, nikamwonya apige hatua fupi asije akabusu lami. Akatoka anacheka.

Bi Fusae alipoanza kumvika mteja wa pili, mkono ukasimama hewani.

"Mama yangu! Yule mtoto nimemfunga kulia juu."

Kimono ya aliye hai, upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. Kulia juu ni ya maiti peke yake. Nami nilikuwa mbele ya msichana muda wote, nikitazama miguu!

"Wageni hukosea kila siku," nikasema. "Hakuna atakayemwambia."

"Ndiyo, watamtazama tu siku nzima, midomo wameifunga. Halafu wageni hukosea wakijivika wenyewe, Kiyo. Huyu nimemvika mimi. Kama mikono hii imesahau kumvika aliye hai, leo leo naacha kazi."

Mteja tulimwachia mwenzetu, tukatoka. Kwa mwendo ule wa Bi Fusae, mzee nilikuwa mimi. Tulimkuta Wulan kwenye nyumba ya chai nyuma ya hekalu, amekaa wima juu ya mkeka. Wanawake wawili walikuwa wakimtazama kifuani, kisha wakitazama chini. Sisi watu wa hapa tuna adabu ya kuudhi: tutakuacha na kosa lako mpaka jua lizame, mradi tusikuaibishe.

Bi Fusae alipiga magoti, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akakiri yote. Wulan akajitazama.

"Kwa hiyo bibi, tangu asubuhi mimi ni marehemu? Ndiyo maana kuna mzee kule hekaluni aliniinamia na kuniombea!"

Akacheka. Bi Fusae hakucheka.

Mwenye nyumba alitupa chumba cha nyuma. Bi Fusae alifungua mkanda, akashika pindo zote mbili za kimono, kisha akaziachia.

"Siwezi. Kiyo, mvike wewe."

Mimi wa viatu!

"Bibi," Wulan akauliza polepole, "kabla yangu ulimvika nani?"

"Mume wangu. Mikono ilimfunga kama mtu aliye hai. Nikafungua, ikarudia vilevile. Baada ya miaka arobaini, ingejua nini kingine? Niliigombeza, mwanangu. Niliilazimisha kumfanya maiti. Sasa imejifunza."

Msibani hakudondosha hata chozi moja, nami nilikuwa nimewaambia majirani kwamba ana moyo mkavu. Niliona aibu, nikatamani kujifukia.

Wulan alichukua upande wa kulia, akaukandamiza mwilini mwake mwenyewe.

"Huu naushika mimi. Wewe nipe wa kushoto tu."

Bi Fusae akaulaza juu, akakiacha kiganja palepale ubavuni pa msichana, kikipanda na kushuka.

"Unapumua," akasema.

"Napumua, bibi. Ila usinikaze mkanda kama asubuhi."

Ndipo akalia, tena kwa sauti. Alilia huku akifunga, machozi yakimchuruzika hadi kidevuni, lakini mikono haikusimama tena. Akakaza mkanda, akalegeza kidogo, akatengeneza fundo mgongoni, akanyoosha kola. Kisha akanigeukia na pua yake nyekundu.

"Unashangaa nini, Kiyo? Twende kazini."