Siku ya Bloki Tisa

Onchiri ana kichwa, na simaanishi akili. Miaka kumi na minane amekuwa beki wetu, timu ya Divisheni ya Juu ya shamba la chai, na mpira wa hewani haumpiti. Miguuni hana lolote. Hata mkewe, Mokeira, husema hivyo. Siku za kazi wawili hao huchuma chai laini moja. Jumamosi, majani yakishapimwa, yeye hukimbilia uwanjani na Mokeira hufuata nyuma na vikapu viwili. Mimi ndiye kocha, Omwenga, na haya ninayosimulia hayaniletei sifa.

Ilikuwa fainali dhidi ya Divisheni ya Chini, watu wenye majivuno yasiyo na sababu. Kabla tu ya mapumziko wakapata kona. Onchiri akaruka, mshambuliaji wao akaruka, na kiwiko kikampata Onchiri kwenye taya. Kichwa kikazunguka ghafla, akaanguka, akalala kidogo, akaamka. Nikamkagua: hakuna damu, hakuna uvimbe, meno yote yapo. Nikammwagia maji baridi, nikatangaza kwamba yuko sawa. Hiyo ndiyo dawa ya uwanja wetu, na tunaiamini kuliko sindano.

Kipenga cha mapumziko kikalia, na sista Rodah wa zahanati akaja mbio. Ni mgeni hapa, amehamia juzi kutoka Londiani kwenye viazi.

"Huyu harudi," akasema.

"Sista, hata damu hajatoka!"

"Kocha, umewahi kutikisa maziwa kwa kibuyu? Kibuyu hupasuka?"

"Hapana."

"Na maziwa hubaki vile yalikuwa?"

Nikatikisa kichwa.

"Ubongo unaelea ndani ya fuvu. Kichwa kikizungushwa kwa nguvu, fuvu linasimama lakini ubongo bado unaenda. Unajipinda, unavutika. Huwezi ona damu. Na akigongwa tena kabla hajapona, anaweza kufa."

Akachuchumaa mbele ya Onchiri. "Baba, leo ni siku gani?"

"Leo ni Bloki Tisa," Onchiri akajibu bila kusita.

Rodah akatutazama, kana kwamba anasema, mnaona sasa? Sisi tukashika mbavu kwa kicheko. Maskini, mtu wa viazi! Nikamweleza kwamba kwetu hakuna anayejali Jumanne wala Alhamisi. Siku huitwa kwa bloki ya chai inayochumwa. Mzee amejibu vizuri kabisa. Rodah akaona haya, akaanza kufunga mkoba wake, nami nikamwambia Onchiri akaze kamba za viatu.

"Kocha, ni wewe umegongwa ama ni yeye?" Mokeira alikuwa anapenya kati ya watu. "Bloki Tisa si ilikatwa mwezi uliopita? Huko ni vijiti tu! Leo tumechuma Nne. Na wewe ulikuwa hapo laini ya pili, ukiimba vibaya!"

Kicheko kikatukauka. Ni kweli, nilikuwa laini ya pili. Nililisikia jibu, nikalipokea bila kulipima, kwa sababu nilitaka kombe. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona mbele ya wachezaji wangu.

Onchiri hakukubali. Alisema yeye ni mzima, timu ni yake, na mwanamke haamui kikosi. Mokeira akamvua viatu vyote viwili, akavikalia. Tukafungwa mbili bila, zote za kichwa.

Njiani kwenda hospitali Onchiri aliuliza, "Tumeshinda?"

"Mmeshinda moja," Mokeira akamjibu.

Baada ya dakika tano akauliza tena, Mokeira akaongeza bao, na kabla hatujafika tulikuwa tumeshinda saba. Mimi nilicheka. Mokeira hakucheka, alikuwa akimtazama machoni kila alipouliza. Daktari alimpiga picha ya kichwa, akasema hakuna kinachovuja ila apumzike, asichume, asikimbie, na mpira asiuguse.

Wiki tatu Onchiri alikaa mlangoni, mpole, akikubali kila kitu. Ukimwambia kunywa chai, anakunywa. Sijawahi kumwogopa mtu mpole namna ile.

Halafu asubuhi moja nilimkuta amesimama, uso umevimba kwa hasira. "Mbili bila! Mimi ningezitoa zote mbili! Na wewe Mokeira ukanidanganya saba! Lini timu hii imefunga saba?" Aligomba hadi majirani wakatoka.

Mokeira aliketi kwenye kizingiti akajifunika uso kwa leso, akalia. Nilipomwambia mumewe apunguze sauti, Mokeira alinishika mkono.

"Mwache, Kocha. Mwache agombe."