Ng'ombe Walionitoa Darasani

Siku ng'ombe wa mahari yangu walipoingia uani kwetu, ndiyo siku nilipoacha kukaa darasani. Hakuna aliyenifukuza. Baba alikuwa anacheka, anawapiga ng'ombe makofi ya mgongo, akiamini kabisa kwamba amenifungulia mlango.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, huku kwetu milima ya Ileje, tukiambiwa Hitla ameshindwa na sukari itapatikana tena. Shule yetu ilikuwa ya misheni: chumba kimoja cha mianzi na udongo, paa la nyasi, mwalimu mmoja, na kitabu kimoja alichokishika yeye. Alikuwa ananakili somo ubaoni, nasi tunasoma pamoja, tukilishika kila neno kwa sura yake. Wasichana wengi waliishia walipojua kuandika majina yao. Mimi niliendelea. Mwalimu alimwambia baba kwamba nikikimaliza kitabu hicho na kusoma vizuri mbele ya mzungu mkaguzi, misheni itanipeleka shule ya bweni ya wasichana. Niseme wazi, sikutaka kitu kingine chochote duniani. Nilipotumwa kuamia ndege kwenye ulezi, nilichora herufi chini kwa kijiti, ndege wanakula, mama anapiga kelele.

Baba hakujua kusoma, ila aliipenda elimu kama wengine wanavyopenda pombe. Aliwahi kufanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, akaona vijana wanaojua kusoma wamekaa kivulini wakati yeye anachimba. Basi mwalimu alipotuma mshenga kumposea kijana wake mkubwa, baba nusura aruke.

"Ukimpeleka kwa mkulima mwenzangu, atapewa jembe," alimwambia mama. "Kwa mwalimu je? Nyumba ya vitabu ile! Huyu atasoma mpaka achoke mwenyewe."

Mama alikuwa anachambua maharage. "Baba watoto, umefikiria lakini?"

"Nifikirie nini tena?"

"Haya," akasema mama. Haya ya mama yangu ilikuwa na maneno mengi ndani yake, lakini ukishaisikia ujue hatasema zaidi.

Asiye wa kwetu inabidi aelezwe. Kwetu mwanamke hamtazami baba mkwe wake. Wakikutana njiani, yeye huingia porini, au hujifunika nguo kichwani na kuinama mpaka mzee apite. Hakai naye chumba kimoja, hamtaji jina, hamjibu. Si ugomvi, ni heshima, na heshima hiyo haingoji harusi. Inaanza ng'ombe wakishaingia uani. Baba aliyajua hayo tangu anyonye. Ila alidhani mwalimu ni mwalimu tu. Na mwalimu naye, Mkristo mwenye kaptula iliyopigwa pasi, alidhani hivyo hivyo. Wanaume wawili wazima na akili zao, na hakuna aliyejiuliza mimi nitasomea wapi.

Asubuhi iliyofuata nilichukua kibao changu cha kuandikia nikaenda shule kama kawaida. Mlangoni nilimwona mwalimu amenipa mgongo, anafuta ubao. Miguu ikanigeuza yenyewe. Nilikuwa nimeshajifunika kaniki usoni kabla sijawaza lolote. Wenzangu wakaangua kicheko. "Hee! Mkwe huyo! Mkwe anakimbia!" Nikasikia chaki inaanguka sakafuni. Hapo ndipo mwalimu alipoelewa alichokifanya, na kuniita hakuweza.

Wiki hiyo baba alitaka kurudisha ng'ombe. Lakini kaka yangu alikuwa anaoa upande wa pili wa mto Songwe, na ng'ombe walikuwa wameshavushwa kwenda kwa wakwe zake. Mama alisema maji yakimwagika hayazoleki, akaendelea na kazi zake. Mimi sikulia. Watu walinisifu kwamba nimekuwa mtu mzima, kumbe sikuwa nahisi kitu, sijui hata nieleze vipi. Nilikuwa nakula, nalima, nalala.

Siku moja binti mdogo wa mwalimu, ambaye tulikuwa darasa moja, alinifuata kisimani. "Baba anasema nyuma ya ukuta hakuna mkwe," akaniambia.

Nikaenda nyuma ya shule. Chini ya ukuta, katikati ya mianzi miwili, udongo ulikuwa umebanduliwa, tundu la kutosha jicho. Nikachuchumaa. Nikauona ubao. Mwalimu alisimama pembeni kabisa, upande nisioweza kuuona, akanyoosha mkono kuandika. Kwa hiyo nilikuwa na mwalimu wa mkono na sauti tu. Alisoma kila mstari polepole na kuurudia, hata wenzangu ndani wakawa wananung'unika kwamba mwalimu anazeeka. Nilifuata somo moja baada ya jingine. Yule binti akaniletea habari nyingine: siku ya mkaguzi, baba yake atatoka nje, akae mbali, ili mimi niingie nisome. Zilibaki kurasa za mwisho tu. Nilianza kuota shule ya bweni, vitanda vyake, hata uji wake.

Kisha wanawake wa kanisa wakaitwa kuikandika shule, kwa sababu mkaguzi anakuja. Hiyo ndiyo kazi yetu wanawake, kukandika. Mimi nilikuwa nakanyaga udongo. Mama mkwe wangu alikuwa anapita na maji, akaliona tundu. Akatua mtungi, akachuchumaa pale pale ninapochuchumaa, akaweka jicho. Ndani masomo yalikuwa yanaendelea.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," alisema. Hakuwa amekasirika. Akanitazama. "Mwanangu, hapa unamwona mume wangu."

"Naona mkono tu, mama."

"Mkono si mtu?"

Nikaendelea kukanyaga udongo.

"Ukiingia kwangu ukakosa mtoto, watasema ni tundu hili. Hawatasema mwalimu. Watasema wewe." Akaniwekea bonge la udongo kiganjani. "Ziba wewe mwenyewe, ili pasiwe na maneno."

Nilimwelewa, ndiyo shida yake. Alikuwa ananihurumia kweli. Nilitazama mara ya mwisho, mkono ulikuwa unaandika mstari wa pili wa somo jipya, nikalijaza tundu udongo. Sauti ndani ikanyamaza kidogo. Kisha ikaendelea, kwa nguvu zaidi, ili nisikie. Nikalainisha kwa kiganja, nikanyunyizia maji, nikalainisha tena, na mwalimu alipoondoka nikaingia nikalainisha upande wa ndani, wenzangu wakinitazama.

Siku zilizobaki nilikaa nje ya ukuta nikisikiliza. Kila alilosoma nikalishika neno kwa neno. Lakini kusoma hakusikilizwi, na mimi nilikuja kusoma sawasawa uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima, macho yameshaanza kufifia. Nyumba ya mwalimu nilikaa mpaka alipofariki. Mume wangu alikuwa mtu mzuri. Mimi na mwalimu tulikuwa tunasikiana tu kwa kukohoa.

Lakini kabla ya hayo yote, mkaguzi alikuja. Mwalimu akatoka kama alivyoahidi, akaenda mpaka migombani. Mimi nikaingia, nikasimama mbele ya meza. Yule mzungu akafungua kitabu kurasa za mwisho, akaniambia kwa Kiswahili chake, "Soma, binti." Nikasoma. Nilisema somo zima, bila kukwama, kwa sauti na vituo vile vile vya mwalimu. Mzungu akatabasamu, akaweka kidole katikati ya ukurasa.

"Na hapa panasemaje?"

Nilikitazama kidole. Kilikuwa na ukucha safi. Maneno ya kurasa zile nilikuwa nimeyasikia tu, sikuwahi kuyaona; sikujua hapo panasemaje.

"Amekariri," akasema taratibu, bila ubaya, akafunga kitabu. Akamwita binti wa mwalimu.

Mkaguzi alipomaliza alisimama, akavaa kofia, akazungukazunguka chumbani. Akapitisha mkono ukutani, chini, mkabala na ubao, pale nilipoziba tundu. Akapapasa tena. Akauliza ni nani aliyekandika vizuri namna hii.

Wote wakanionyesha mimi.