Mawese kwenye Gari la Bibi Harusi

Harufu ya mawese hunirudisha uani kwetu Kasingirima, asubuhi ya harusi ya Shangazi Zuhura. Ilikuwa kiangazi, na upepo wa ziwa ulikuwa umeamka mapema. Baba alikuwa ameazima gari jeupe la jirani ili dada yake apelekwe kwa mumewe, kijijini Simbo, naye akaenda kuliosha ufukweni Katonga. Hakumwona fundi aliyekuwa akipuliza rangi ya buluu kwenye mtumbwi, upande upepo unakotokea. Aliporudi, vioo na ubavu mzima wa gari vilijaa vitone vidogo vidogo, vikikwaruza kiganja ukivipapasa.

Baba alichota mchanga tuliokuwa tukisugulia masufuria, akaanza na mlango.

"Kaka, acha! Hilo si sufuria!" Shangazi alipiga kelele kutoka mkekani, mikono yake yenye hina ameinyoosha mbele kama anaota moto.

Mlango ulikuwa umeshapata michirizi. Mama akasema petroli nayo itaondoka na weupe wenyewe. Rangi ya fundi ilikuwa ya mafuta, haijakauka sawasawa, basi akaleta dumu la mawese. Vioo alivipaka povu la sabuni, akavikwangua kwa wembe alioulaza. Bati lilitaka mikono mingi, na msafara ulipaswa kuondoka adhuhuri.

Ndipo bibi harusi akainuka.

"Wifi, hina yako!" Mama alimkemea.

"Nimekatazwa maji," Shangazi akajibu. "Mafuta yanaikoleza."

Tulipaka mawese, tukaacha jua lilainishe vile vitone, kisha tukafuta kwa kanga kuukuu. Buluu ilitoka kidogo kidogo, ikageuka kahawia ndani ya wekundu wa mafuta. Tukamalizia na sabuni. Shangazi aliondoka hina imekolea, gari likinukia kama jikoni, michirizi ya mlango tumeifunika kwa maua. Mwenye gari alicheka sana aliposimuliwa, mpaka alipoyabandua maua.

Juzi jirani alipuliza rangi geti lake, na gari langu likapata sehemu yake. Vijana wa kuosha magari walilipitishia kitu laini kama udongo wa kufinyangia, na maji ya sabuni. Likatakata kabla sijamaliza soda, bila harufu, bila mimi kugusa chochote. Nilimpigia Shangazi simu kumsifia kazi yao. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Na baba yako na mchanga wake walikuwa mbali?"