Kwenda Utende Kusema Ninachokijua

Niliondoka kijijini kwetu Kanga kwa sababu kambi moja ya watalii kule Utende ilikuwa inatafuta mwanamke wa kuwaongoza wageni wanaoogelea na papa potwe, wale wakubwa wasiouma. Kuogelea najua tangu utotoni. Kiingereza nimejifunza ukubwani, kwa redio na simu, na kazi nyingine ya maana sikuwa nayo.

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi Kilindoni. Barabara ya kwetu ina mashimo, dereva akawa ananiuliza kila mara kama bado nipo. Kutoka Kilindoni ni lami, nikapata nafasi ya kurudia sentensi zangu kimoyomoyo.

Utende, kabla ya adhuhuri. Mwenye kambi, Mwingereza mmoja mpole, aliniuliza kama naijua bahari. Nikamjibu kwa lugha yake, "Kidogo tu, Mungu akijalia." Kwetu hilo ndilo jibu la mtu aliyelelewa. Akauliza kama naweza kumtoa mgeni aliyechoka majini. "Najaribujaribu," nikasema. Akakuna kidevu, kisha akasema atalilalia suala langu.

Msemo huo sikuwahi kuusikia, nikaufasiri kwa desturi zetu. Mtu wa pwani hakwambii hapana usoni. Hukwambia tutaona, inshallah, nawe ukajua yamekwisha. Nikashukuru, nikatoka. Roho iliniuma.

Sikutaka kurudi nyumbani mikono mitupu siku hiyohiyo, kwa hiyo nikavuka kwa mashua hadi kisiwani Chole, kwa dada Riziki, binti wa shangazi yangu, anayefundisha Kiingereza shuleni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mbona uso umekushuka?"

Nikamsimulia tukikuna nazi. Akacheka mpaka kifuu kikamponyoka.

"Mdogo wangu, Mwingereza akilalia jambo hajakataa. Anataka usiku upite ndipo aamue. Wewe ndiye uliyejikataa. Umemwambia hujui, naye kakuamini."

"Nijisifu, mimi?"

"Anataka kukukabidhi roho za watu. Mwache ajue."

Akanikumbusha kuwa Kiingereza kina kineno kidogo, "do", kinachotangulia kitendo pale mtu anapodhaniwa hawezi, naye anaweza. Ukikitia, maana yake usibishe, ndivyo hivyo. Nilikuwa nimekisikia redioni nikadhani ni pambo tu.

Asubuhi iliyofuata, Utende tena. Nikamwambia yule bwana, na kineno kile mbele, kwamba bahari naijua hasa, na mtu aliyechoka namtoa. Masikio yalinichoma kwa haya, kama niliyetoka nje bila mtandio. Akaniambia nimwonyeshe. Nikamvuta msaidizi wake, pande la mtu, kutoka kilindini hadi ufukweni. Nikapewa kazi.

Jioni, Kanga. Kaka zangu walikuwa barazani wakishona nyavu. Hawajawahi kunichukua baharini, kwa madai kwamba sijui kitu. Nikapita moja kwa moja jikoni kwa mama.

"Ulimwambia nini mpaka akakuchukua?"

Nikamnong'oneza.

"Hebu kaliseme tena," akasema, "kwa Kiswahili, kwa sauti, na wale wakusikie."

Kumbe kwa Kiingereza niliweza kwa kuwa si lugha ya nyumbani. Katika lugha hiyo hakuna aliyenilea nisijisifu. Kutoka jikoni hadi barazani ni hatua chache, na safari nzima sikupita mahali pagumu kama hapo. Nilisimama mlangoni, mikono yao ikasimama kwenye nyavu.

"Bahari naijua," nikawaambia kaka zangu. "Naijua hasa."