Ukuta wa Vipimo

Watu walimwita Fundi Tindo, jina la patasi ya chuma ya kubomolea, kwa sababu alibandua plasta nyingi kuliko alizopiga. Ukimwambia ukuta wako una unyevu, hakuangalia rangi wala mapambo yako, alibomoa mpaka kwenye tofali huku akikusuta: "Nani alikudanganya upake rangi ya mafuta juu ya unyevu? Umeuziba pumzi, lazima ujivue ngozi." Ulimi wake ulikuwa mkali, lakini kazi yake ilikuwa safi, basi watu walimvumilia.

Nyumba yake aliijenga mwenyewe kwenye mteremko, na chini yake akachimba chumba cha mkewe, mshonaji. Mama huyo na daftari walikuwa mbalimbali. Alimpima mteja, akachomoa penseli kwenye nywele, akaandika ukutani: bega, kifua, kiuno, urefu. Kwa miaka ishirini na sita ukuta ukajaa, kuanzia sakafuni hadi mkono wake ulipofika. Mumewe alinung'unika kwamba plasta yake imegeuzwa ubao wa shule.

"Jenga mwingine," mke alimjibu, na cherehani ikaendelea.

Mke alifariki mwaka juzi, kwa ugonjwa wa wiki tatu tu. Fundi hakuwa na barua yake hata moja. Walikuwa pamoja siku zote, wangeandikiana nini?

Kisha barabara ya juu ikapanuliwa, mtaro wa zamani ukafukiwa, na katika mvua zilizofuata maji ya ardhini yakaanza kupenya kwenye ukuta uleule. Hayakuja kwa kishindo. Lilianza doa, likapanda shubiri moja, kisha mbili, na mistari ya chini ikafifia. Kila asubuhi fundi alishuka na ndoo na tambara. Binti yake alimsihi apige picha kwa simu, kisha abandue.

"Picha hupigwa kitu kinachoondoka," alimjibu, akakamua tambara.

Dawa aliijua kuliko mtu yeyote: kuchimba mtaro nje, kubandua plasta yote, kupiga saruji ya kuzuia maji. Badala yake alikwenda dukani akanunua vanishi. Aliipaka mara mbili, taratibu, namba kwa namba, kwa brashi ndogo, ili penseli isifutike. Kosa alilowasuta nalo watu maisha yake yote, alilifanya akijua kabisa kwamba ni kosa.

Siku ya tisa binti alimkuta kwenye kiti cha cherehani, miguu kwenye maji yaliyotanda sakafuni. Vanishi ilikuwa imevimba na kuachia, ikiondoka na plasta na penseli yake. Pale iliposhika ilikuwa imegeuka ukungu mweupe, husomi kitu.

"Baba, si wewe unayesemaga..."

"Ninachosema nakijua."

Binti alichutama kando yake. "Wateja wa mama wapo, baba. Tutawapima upya."

"Vipimo vitapatikana, mwanangu. Mwandiko wake ndio nimeuua kwa mkono wangu." Akalia waziwazi, bila kujificha uso.

Lakini maji yalishafika kwenye msingi, chini ya chumba anacholala fundi, na ukuta haukuweza kungoja. Akainuka, akaegesha tindo ukutani, akanyanyua nyundo. Mkono ukagoma. Akajaribu tena, ukagoma tena.

Binti aliichukua nyundo polepole. "Nenda juu, baba. Nitabandua mimi."

Hakwenda. Alimshikia tindo, na binti akapiga.