Fundi Sindano na programu isiyouzwa wala kuachiwa

Saa mbili na nusu asubuhi, Fundi Sindano amelala chali chini ya mashine ya kudarizi, tochi mdomoni, akipaka grisi mahali pasipohitaji grisi. Yeye mwenyewe anajua. Mwenye mashine naye anajua, ndiyo maana amesimama pembeni mikono kiunoni, akimtazama kwa uvumilivu unaokaribia kwisha.

"Fundi, huko chini hakuna ugonjwa," anasema mama huyo. "Ugonjwa uko kwenye kompyuta. Jana tulikubaliana."

"Najua, mama. Natazama tu."

"Haya, tazama. Wiki ijayo watoto wa watu wataingia darasani na mashati matupu, na walimu wao nitawaambia fundi alikuwa anatazama."

Huyu ndiye anayeitwa Mama Nembo. Nembo za mashati ya shule nyingi za mji huu hutoka katika chumba chake hiki kimoja, ambacho ukiingia sharti upite ubavu ubavu kati ya marobota ya vitambaa. Shule zinafunguliwa wiki ijayo, na mashine imenyamaza tangu jana mchana.

Aliyeinyamazisha ni mke wa mwanawe, tena kwa nia njema kabisa. Alikuwa akifagia vumbi la nyuzi nyuma ya kompyuta, akaona kidude cha plastiki kimechomekwa, hakina waya, hakiwaki taa, hakifanyi chochote. Akadhani ni kifuniko kilichosahauliwa tangu mashine inunuliwe. Akakichomoa, akakitupa pamoja na mabaki ya vitambaa, na takataka zikachomwa moto jioni ileile.

Kidude kile ndicho kilichokuwa ufunguo. Programu inayoiambia mashine wapi pa kupiga sindano haifunguki bila kukiona mahali pake. Kampuni iliyoviuza vyote viwili ilifunga virago miaka mingi iliyopita, na ufunguo mwingine haupatikani popote kwa bei yoyote.

Dawa, hata hivyo, ipo. Iko katika flashi ndogo ndani ya mfuko wa shati la Fundi Sindano: nakala ya programu ileile, iliyokwisha kuvunjwa kufuli. Ameiweka katika karakana nyingi, na tangu mwaka jana ameiweka pia katika ukurasa wa mtandaoni, ambapo mtu yeyote huichukua bure. Leo mkono wake unakwenda mfukoni, unaigusa flashi, unarudi mtupu.

Kinachomrudisha mkono ni ujumbe alioupata mwezi huu. Kampuni moja kubwa ya ng'ambo imemwandikia kwamba iliinunua ile kampuni iliyokufa, pamoja na kila ilichokuwa nacho, hakimiliki ikiwemo. Imemtaka afunge ukurasa na kuharibu nakala zote kabla ya kesho, Ijumaa. Asipofanya hivyo, itamburuta mahakamani, na karakana yake ndiyo mali pekee anayoweza kunyang'anywa.

"Tangu nipate ujumbe ule sikai," anasema, akijifuta grisi kwa kitambaa. "Nikikaa nasimama. Nikisimama natafuta pa kukaa. Mke wangu anasema nimekuwa kama kuku anayetafuta pa kutagia."

Fundi Sindano alianza kazi katika kiwanda cha sare, akibadilisha nyuzi na kufuta mafuta. Kiwanda kilipofungwa, mashine zake ziliuzwa moja moja kwa mafundi wadogo, wengi wao wanawake wenye chumba kimoja kama Mama Nembo. Zilipoanza kuharibika wakamtafuta yeye, kwa sababu ndiye aliyezijua zilikotoka. Jina la Sindano lilianzia hapo.

Vyuma vilimtii. Funguo ndizo zilizomshinda. Moja ilipigwa na radi, nyingine ilitafunwa na panya, ya tatu ilikanyagwa na mwenyewe akicheza baada ya kupata mjukuu. Kila mara Fundi aliipigia simu kampuni iliyotengeneza programu, hadi siku moja akapokewa na muuza maua.

"Yule dada alikuwa mpole kweli," anakumbuka. "Akaniambia namba hiyo amepewa juzi, hajui habari za sindano, lakini kama nina harusi anaweza kunisaidia."

Ndipo alipokaa chini na kulivunja kufuli. Hapendi kueleza alivyofanya, na anayemsifia kwa hilo humnyamazisha. Alijiwekea sharti: nakala ampe tu mtu aliyemwonyesha mashine yake na ufunguo uliokufa. Wala hatozi chochote kwa nakala. Hutoza kazi ya mikono tu, nayo kwa bei ya kirafiki.

"Nilijiambia, huyu alishanunua. Simpi kitu cha mtu, namrudishia chake."

Sharti hilo lilidumu mpaka ulipokuja ule ukurasa. Mafundi wa mbali walikuwa wakimwandikia usiku na mchana, na kuwatumia mmoja mmoja kulimchosha, basi akaiweka mahali pamoja kila mtu ajichukulie. Hapo hakuona tena mashine wala ufunguo wa mtu. Aliona tu tarakimu za waliochukua zikipanda, na anakiri kwamba zilimfurahisha kuliko ilivyofaa.

Gazeti hili liliipigia simu kampuni iliyomwandikia. Msemaji wake alikuwa na adabu zote. Je, Mama Nembo anaweza kununua ufunguo mpya? "Bidhaa hiyo haiko sokoni." Basi anaweza kuruhusiwa kutumia nakala? "Hapana. Tunamshauri anunue toleo letu la sasa." Toleo la sasa haliongei na mashine za zamani, kwa hiyo atalazimika kununua na mashine pia, ambayo bei yake hapa inatosha kiwanja na msingi wa nyumba juu yake.

"Kutoiuza hakumaanishi kwamba tumeitupa," msemaji aliongeza. Hawaiuzi, hawaitoi, na hawataki mwingine aitoe.

Ingekuwa rahisi kumaliza habari hii hapo, kampuni ikiwa jitu baya na Fundi akiwa shujaa wa mafundi cherehani. Lakini Fundi Sindano ana mke.

Mkewe anajulikana kwa jina la Chiriku, alilolipata enzi za ujana wake alipokuwa akiimba. Alirekodi kanda moja tu. Aliuza cherehani aliyorithi kwa mama yake ili alipie studio, na kabla hajauza kanda za kutosha kuirudisha cherehani hiyo, maduka yalikuwa yameshadurufu sauti yake na kuisambaza kila kona.

"Siku moja napita sokoni, najisikia naimba," anasimulia, akimenya viazi jikoni kwake mchana wa Alhamisi hiyohiyo. "Nikaingia kibandani. Kijana akanishikisha kanda, akaniambia, 'Dada, chukua hii, huyu mama anaimba kweli kweli.' Nikamwambia sina hela. Akanipunguzia bei."

Anacheka, kisha kicheko kinakatika. Hakurekodi tena. Leo anaimba akipika tu, na mtu akiingia jikoni hunyamaza.

Kwa hiyo mumewe alipokuja na ujumbe wa kampuni akitarajia kuhurumiwa, hakuhurumiwa. Walilumbana. Fundi akasema kanda ya mkewe ilikuwa ikiuzwa dukani na yeye alikuwa hai, ana njaa. Programu hii haiuzwi, na walioitengeneza wameshatawanyika. Mkewe akamuuliza amejuaje kama wametawanyika, maana yule kijana wa sokoni naye pengine alidhani Chiriku ameshakufa.

"Hilo lilinichoma," Fundi anasema. "Kwa sababu kweli sikujua. Nilimpigia muuza maua, basi, nikajihesabu nimeuliza."

Chiriku akampa sharti lake: kabla hajampa mtu mwingine nakala, amtafute mtu aliyeitunga programu ile kwa mkono wake, amuulize. Ndani ya programu kuna kidirisha kidogo chenye jina moja. Fundi alilisaka jina hilo mtandaoni hadi akalipata katika ukurasa wa chama cha wafuga nyuki, nchi ya mbali. Akaandika. Hakujibiwa wiki ya kwanza, wala ya pili.

Hiyo ndiyo sababu ya grisi ya asubuhi. Fundi alikuwa akivuta muda.

Sasa amekaa mezani, chakula hakijaguswa, simu iko kando ya sahani. Kila dakika anaibonyeza kioo kiwake. Mkewe anamwambia kwamba simu hailiwi. Anaigeuza kifudifudi, kisha anaigeuza tena. Na ndivyo inavyotokea kwamba anaiona barua pepe ile ikiingia, kijiko kikiwa bado kikavu mkononi.

Simu inamtafsiria. Anaisoma kwa sauti, polepole, na mahali tafsiri inapopinda anarudia.

Mtunzi wa programu, ambaye sasa ni mzee, anasema amefurahi kusikia kwamba programu yake bado inashona. Anasema ruhusa hawezi kuitoa, kwa kuwa haikuwa yake kamwe. Alikuwa mwajiriwa, alilipwa mshahara, wakamalizana. Hao walioinunua kampuni hajapata kuwaona. Kisha anaandika:

"Nina ombi. Katika sampuli za programu kuna ua lenye majani mawili. Mke wangu ndiye aliyelichora, kwenye meza yetu ya chakula. Sasa ni marehemu. Diski zangu ziliharibiwa na maji nilipohama, na sina nakala hata moja. Kama unayo, tafadhali nitumie."

Fundi Sindano anaweka simu chini. Ua hilo analijua. Ndilo analoshonea majaribio kila anapotengeneza mashine, kwa sababu lina kona nyingi na linaonyesha upesi sindano iliyopinda. Amelishona pengine zaidi ya mtu yeyote duniani, bila kuwaza hata siku moja kwamba kuna mtu aliyelichora.

"Hakunipa ruhusa," anasema hatimaye.

"Hakuwa nayo," Chiriku anajibu. "Wewe uliuliza, yeye amejibu. Mtumie."

"Wewe si ndiye uliyenikaba koo wiki zote hizi?"

"Nilikukaba uulize, baba. Sikukukaba umnyime mtu ua la mkewe." Anavuta kiti, anakaa. "Ila ule ukurasa ufunge. Pale huulizi mtu, wala huulizwi. Pale wewe ni yule kijana wa kibandani, tofauti ni kwamba hupunguzi bei."

Fundi anataka kucheka, hawezi. Anainuka, anakwenda dirishani, anarudi. Anasema kuna mwanamke wa mbali aliyemwandikia juzi, hana njia ya kuileta mashine wala ufunguo. Huyo akifungiwa ukurasa ataipata wapi? Mkewe anasema hajui. Ni mara ya kwanza katika mabishano yao, Fundi anasema baadaye, mmoja wao kukubali kwamba hajui.

Alasiri anaufunga ukurasa. Inachukua muda mfupi mno kwa kitu kilichomnyima usingizi, na hapati nafuu aliyoitarajia. Kisha anakaa, anamtumia mfuga nyuki programu nzima, pamoja na kufuli lake lililovunjwa, na maelezo ya namna ya kulifungua ua.

Anaporudi kwa Mama Nembo, haendi chini ya mashine. Anaketi mbele ya kompyuta na kuchomeka flashi. Mashine inapoanza kunguruma, mke wa mwanawe anachungulia mlangoni, anaona nembo ya kwanza ikijichora rangi ya bluu kwenye kitambaa, na anakaa sakafuni palepale analia kwa kushukuru.

Kesho, Fundi Sindano anasema, ataiandikia kampuni. Ataieleza kwamba ukurasa ameufunga na hataufungua tena bila ruhusa. Ataiomba jambo moja: idhini ya maandishi kwamba aliyenunua mashine hizo na kupotewa na ufunguo asihesabiwe mwizi akifunguliwa programu yake. Anataka siku moja afanye kazi hii mlango ukiwa wazi. Hajui kama watamjibu, na hana hakika kama nakala za kesho kutwa atazitoa au atazikataa.

Aliulizwa kama anafahamu kwamba nakala mbili alizozitoa leo, baada ya kuonywa, zitasomwa gazetini hata na mawakili wa kampuni.

"Ziandike," alijibu. "Tena ile ya mzee iandike kwa kirefu. Wakitaka kunishitaki, wanishitaki kwa hiyo. Nataka nimsikie wakili akisimama mbele ya hakimu, amweleze ni nani aliyeibiwa."